Mlango Unaopendeza Ukifungwa

Mwanasiti alifundishwa kubisha hodi kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Aliyemfundisha ni Mama Mkubwa Raihana, dada wa mama yake, aliyemchukua akiwa na umri wa miaka minne, wiki ile ile mama yake alipozikwa, akamlea pamoja na mwanawe wa pekee, Anouar, katika nyumba ya vyumba viwili hapo Buyenzi, mjini Bujumbura. Kila alipomtuma kwa jirani kuomba kaa la moto au kurudisha sahani, alimsimamisha kwanza kizingitini na kumkumbusha. Hodi ni tatu. Ya kwanza wenyewe wasikie, ya pili wajisitiri, ya tatu waamue. Wakinyamaza, geuza miguu urudi, wala usinung'unike njiani.

"Ya nne si hodi tena, mwanangu," alikuwa akisema. "Ya nne ni kuvunja nyumba ya watu."

Katika mitaa ile hodi haikuwa na kazi ngumu. Milango ilifunguliwa baada ya sala ya alfajiri na kufungwa baada ya isha, na mchana kutwa kilichomtenga mwenye nyumba na mpita njia kilikuwa pazia tu. Sauti ilipenya pazia bila shida, na harufu ya kitunguu pia, na kilio cha mtoto. Mlango uliofungwa mchana ulikuwa na maana moja: wenyewe wamesafiri. Mtu alibisha kutimiza adabu tu, kisha akaenda zake.

Mwanasiti alipoolewa na Idi, fundi magari mwenye maneno machache na mikono isiyotakata, hawakuhamia mbali. Nyumba yao ilikuwa avenyu ya tatu kutoka kwa mlezi wake, na mlango wake ulikuwa wa bati la kijani, wa vipande viwili, uliopakwa rangi mara nyingi hata kingo zake zikawa nene. Ukiingia, mkono wa kushoto chini ya dirisha, palikuwa na mkeka na godoro jembamba lililokunjwa. Hapo palikuwa pa Mama Mkubwa.

Maana miaka kumi nyuma Anouar alijenga Buterere, kando ya mashamba ya mpunga, akamchukua mama yake akae naye. Lakini Buterere mvua ikikaza, maji hayabishi hodi. Kila masika yalipoingia ndani, mzee yule alifunga nguo zake katika leso, akaja Buyenzi, akakaa chini ya lile dirisha mpaka ardhi ya kwao ikauke. Alichambua maharage, alisoma uradi wake, na mtu alipoita hodi yeye ndiye aliyetangulia kuitika karibu, hata kama mwenye nyumba yuko jikoni. Jirani mmoja aliwahi kumtania kwamba nyumba ile ni ya Mwanasiti lakini sauti yake ni ya Raihana.

Mwaka mmoja maji yalipanda hadi kwenye kitanda. Safari ile alikuja na sanduku lake la bati limefungwa nyuma ya baiskeli. Ndani mlikuwa na sanda yake: kitambaa cheupe alicholetewa na mtu aliyekwenda Hija, kilichosuuzwa kwa maji ya zamzam, pamoja na pamba, udi na kichupa cha uturi. Alimfungulia Mwanasiti akamwonyesha kipande kwa kipande, bila huzuni, kama mtu anayeonyesha nguo za harusi.

"Hii ni amana," alisema. "Kwangu hapafai, maji yataichukua kabla yangu. Siku yangu ikifika, mnajua pa kuipata."

Mwanasiti aliipokea kwa mikono miwili. Sanduku likawekwa chini ya dirisha, pembeni ya godoro, na likakaa hapo miaka mitano.

Sasa, Mwanasiti alikuwa akiuza vitenge. Hakuwa na duka. Alibeba mzigo wake akawafuata wateja majumbani, na wateja wake wazuri walikuwa Gihosha, juu mlimani, kwenye nyumba zenye maua kandokando ya kuta. Mmoja wao aliitwa Lisette, karani katika ofisi moja ya Rohero, mwanamke mpole asiye na dharau. Siku ya kwanza Lisette alipomkaribisha ndani, Mwanasiti alisahau alichokuja kuuza. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Viatu vilikuwa na kabati lao. Glasi zilipangwa kwa kimo. Hapakuwa na ndoo sebuleni, wala godoro lililokunjwa, wala mfuko uliotundikwa msumarini. Na mlango wa mbele, mlango wa mbao wenye mti uliochongwa juu mpaka chini, ulijifunga taratibu nyuma yao, na kelele zote za barabara zikabaki nje.

Aliuliza nyumba inakuwaje hivi. Lisette alicheka.

"Mama, mi nina sheria moja tu. Kitu sikukigusa mwaka muzima, kinatoka. Nyumba si depo."

Maneno yale Mwanasiti alishuka nayo mlima mzima. Alipofika kwake akasimama kizingitini, akaitazama sebule yake kwa macho ya Lisette, akaona haya. Hakuna aliyemwaibisha. Hakuna aliyewahi kuingia mle akatoka na kinyaa. Haya ile alijitwika mwenyewe, na mtu akijitwika haya isiyo yake, lazima atamtafuta wa kumtua.

Alianza siku ya pili. Alitoa ndoo, akatoa mabati yaliyotoboka, akatoa magazeti na chupa. Hayo yote yalikuwa mema, na nyumba ilipumua. Vyombo vya kila siku alivipanga karibu, vya sikukuu juu. Akapiga rangi, akaweka vigae sakafuni, akaleta makochi mapya ambayo hakuyavua nailoni. Kisha akafika chini ya dirisha. Godoro alilipeleka stoo ya uani. Akalishika sanduku la bati, akajiuliza lini mara ya mwisho lilifunguliwa. Mwaka ulikuwa umepita na zaidi.

Ilimpasa akumbuke kwamba kuna vitu ambavyo binadamu huvitumia mara moja tu, na ndivyo visivyo na mbadala. Hakukumbuka. Alimwambia Idi alipeleke garajini kwake, kwa muda, mpaka sebule itulie.

Idi aliuliza kama garaji ni mahali pa kuweka amana ya mtu. Mkewe akajibu kwamba garaji ina kufuli, na sanduku ni la bati, litaumwa na nini? Idi hakuwa mtu wa kubishana. Alilichukua.

Mama Mkubwa alikuja wiki ile ile, si kwa mafuriko, kwa matembezi tu. Alivua ndara zake nje, akaingia, akatazama kushoto. Palikuwa na meza ndogo ya kioo na maua ya plastiki. Akaketi kwenye ukingo wa kochi, nailoni ikalia chini yake, akanywa chai akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mgeni anayeogopa kumwaga. Baadaye akauliza sanduku lake liko wapi.

"Lipo mahali salama, Mama Mkubwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alasiri akaaga, ijapokuwa mawingu yalikuwa yamefunga na mvua ilisikika upande wa milimani. Mwanasiti alimsihi asubiri ipite. Alijibu kwamba nyumba ni nzuri sana, Mungu aijaze heri, na akaenda. Masika yale maji yaliingia Buterere kama kawaida yake, lakini leso yenye nguo haikuonekana Buyenzi.

Mwanasiti aliujua ule ukimya. Alilelewa nao. Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kugomba. Alipoumizwa alijiondoa, kama anavyojiondoa mtu mlangoni baada ya hodi ya tatu. Alijua pia dawa yake: kwenda, kupiga magoti, kuomba radhi. Na radhi ya mlezi si jambo la kuchezea, nani alikuwa hajui hilo pale Buyenzi? Hata hivyo alijiambia atakwenda nyumba ikikamilika, amlete mzee aione, wacheke yaishe. Kilichobaki kilikuwa mlango tu. Hivyo akaukawiza msamaha kwa ajili ya mlango.

Na mlango aliuchagua kwa kitambo kirefu kuliko alivyomchagua mume. Alikwenda Rohero akatazama milango ya chuma iliyopakwa rangi ya mbao. Akaigonga kwa kidole, ikalia kama debe, akaiacha. Alitazama ya vioo, akaogopa mawe ya watoto. Mwishowe akaenda kwa Tajudini, seremala wa avenyu ya jirani, akamwonyesha picha kwenye simu: mbao ya libuyu, ile nzito ya Kongo, michongo ya maua kuanzia juu hadi chini, kitasa cha rangi ya dhahabu, na mpira pembeni wa kuzuia vumbi.

Tajudini aliitazama picha, akaitanua kwa vidole, akairudisha simu.

"Mama Salha," alisema, akimwita kwa jina la binti yake aliyeolewa Kigoma, "huu mlango utafungukia ndani?"

"Ndani, kama mingine."

"Basi sikiliza. Ukiufungua, maua yote yanatazama ukuta. Mutu hataona kitu. Mlango wa namna hii unapendeza ukifungwa."

"Basi nitaufunga."

Tajudini alicheka mpaka akaweka randa chini. "Hapa Buyenzi? Mchana? Watasema mumehama, waje kuuliza kama nyumba inapangishwa." Kisha, alipoona mteja wake hacheki, akampa shauri la kweli, bure, maana alikuwa fundi mwaminifu. "Niyachonge upande wa ndani. Ukiwa wazi, wanayaona wale uliowakaribisha."

"Walio ndani wameshaingia," Mwanasiti alijibu. "Nataka waone wa nje."

Seremala akachukua vipimo. Aliifanya kazi yake vizuri. Lawama si yake. Mlango ulipofungwa bawabani, avenyu nzima ilikuja kuushika. Wanawake walipitisha viganja kwenye maua, wazee walibisha kwa vifundo vya vidole kusikia uzito wake, na Mwanasiti alisimama kando kama mama wa bibi harusi. Idi akafunga na kengele ya umeme, kitufe cheupe ukutani, kwa kuwa sauti haikupenya ile mbao.

Mwezi wa kwanza watu walibonyeza kengele kwa kujifurahisha. Halafu umeme ukawa unakatika kutwa, kengele ikafa, na watu wakarudia hodi. Mlango haukuwapa jibu. Wakaanza kupita. Aliyeuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, upande wa pili wa njia, Concilie, mwanamke wa Uvira aliyekimbilia Bujumbura na wanawe, mwenye ulimi usiolala, alimwambia siku moja Mwanasiti alipotoka: "Mama Salha, mlango yako ni muzuri kabisa. Inabaki tu kujua kama kuna watu." Wakacheka wote wawili. Mwanasiti alicheka kidogo kuliko mwenzake.

Kwa sababu alikuwa ameshaonja raha ya kujifungia. Hapakuwa na mtu wa kuomba chumvi wakati sakafu ina maji. Hapakuwa na vumbi mezani. Aliketi katikati ya sebule yake iliyopangwa, vitu vyote mahali pake, na akadhani ule ukimya ni utulivu. Nyumba ilikuwa imekamilika. Kwenda Buterere hakwenda. Wiki hii wateja, wiki ijayo mvua, wiki nyingine mafuta ya magari hayapatikani mjini na mabasi yamelala kwenye foleni. Kila juma lilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli, na zote pamoja zilikuwa uongo.

Ilikuwa Jumatano, saa nne ya asubuhi, mwanzo wa mvua za vuli. Hapakuwa na umeme. Mwanasiti alikuwa amepiga magoti akifuta vigae, amefikia katikati ya sebule, aliposikia mtu nje. Sauti ilifika kwake ikiwa imepondwa na ile mbao, haina mwenyewe, haina umri.

Hodi ya kwanza hakuiacha kazi. Ya pili ilimfanya anyanyue kichwa. Alidhani ni mtu wa kuazima kitu, au wa kukaa na kusimulia shida zake, na vigae vilikuwa vimelowa kutoka magotini pake mpaka mlangoni. Ya tatu ilikuja baada ya muda, ya chini, ya mtu aliyechoka. Mwanasiti alibaki na kitambaa mkononi kinachuruzika maji, amebana pumzi kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akasikia ndara zikiburutwa. Zilipotoweka, aliendelea kufuta.

Alasiri alitoka kununua ndagala. Concilie alimtazama kwa kitambo kabla ya kumpimia.

"Ule mama yako muzee wa Buterere alikuja asubuhi," alisema. "Aliita mara tatu. Kile kitufe alikipapasa, alizani ni pambo. Nikamwambia, bibi, gonga na nguvu. Akasema, 'Apana, mwanangu. Mlango wa mchana umefungwa, wenyewe hawapo.' Nikamupa maji, akakaa hapa kidogo. Mabasi hakuna. Alikuja na miguu na akarudi na miguu."

Mwanasiti aligeuka kuutazama mlango wake.

"Nilikuwa sokoni," alisema.

Concilie alikuwa ameketi nyuma ya meza yake tangu saa moja asubuhi, ana kwa ana na ule mlango. Aliinamisha macho, akapanga upya fungu la ndagala ambalo lilikuwa limepangwa.

Hapo ndipo pa kuondoka kwenda Buterere. Saa ile ile, kwa miguu kama mzee alivyokuja. Mwanasiti aliangalia jua, akaona limekwisha kuinama, akakumbuka chakula cha Idi, akasema kesho.

Kesho yake Anouar alitangulia. Yeye hakubisha hodi. Aliupiga mlango kwa ngumi mpaka Idi akaja kuufungua. Alisimama kizingitini na matope miguuni, akasema mama amefika jana jioni, amekunywa uji, amesali, amelala, na alfajiri hakuweza kunyanyuka. Upande mmoja wa mwili umekufa. Kituo cha afya wamesema ni kiharusi. Ulimi hausemi.

"Mwezi huu wote alikuwa anasema hajisikii vizuri," aliendelea. "Jana akasema anakwenda kuchukua sanduku lake, na kukuaga. Alisema hataki kuondoka na kitu moyoni juu yako. Ulikuwa wapi, dada?"

"Sokoni," Mwanasiti alisema, mara ya pili.

Walikwenda garajini kwanza. Idi alifungua kufuli, akasogeza matairi, akasogeza giaboksi ya lori iliyokuwa imeletwa miezi miwili nyuma. Sanduku lilikuwa chini yake, limebonyea kona. Mafuta machafu ya injini yalikuwa yameteremka polepole, tone kwa tone, yakapenya kwenye kifuniko. Mwanasiti alifungua. Pamba ilikuwa safi, kichupa cha uturi kizima, lakini mkunjo wa juu wa sanda ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Anouar alilitazama doa, kisha akamtazama Idi, kisha akatazama barabara. Idi alivua kofia yake. Angeweza kusema neno, na lingekuwa la haki.

Safari ya kwenda Buterere Mwanasiti aliitembea yote kwa miguu, sanduku likiwa juu ya baiskeli inayosukumwa na Anouar. Alipita jua, alipita matope, alipita mahali ambapo njia inateremka na kuinuka, na kila hatua alikuwa akiuliza magoti yake: mwanamke wa miaka sabini na nane aliwezaje hapa, na aliwezaje mara mbili katika siku moja?

Mama Mkubwa alikuwa amelazwa katika chumba cha kwanza. Mlango ulikuwa wazi na pazia la kitenge limening'inia, kitenge alichopewa na Mwanasiti mwenyewe zamani. Mwanasiti alisimama nje ya pazia. Akaita hodi. Hakuna aliyejibu; aliyekuwa na kawaida ya kujibu hakuwa na ulimi. Akaita ya pili, akaita ya tatu, akiwa analia, na Anouar akamwambia kwa ukali aingie, akatoka kwenda kuteka maji.

Uso wa mzee ulikuwa umevutwa upande, lakini macho yalikuwa yale yale. Mwanasiti alipiga magoti, akashika mkono uliokuwa bado hai. Alikuwa amepanga maneno njiani kuhusu soko. Mbele ya macho yale aliyaacha yote.

"Nilikuwa ndani, Mama Mkubwa," alisema. "Nilikusikia mara tatu. Sikujua ni wewe, lakini nilisikia mutu, nikanyamaza. Na sanda yako nimeiharibu. Niwie radhi."

Midomo ya mzee ilisogea. Mwanasiti akainama, akaweka sikio karibu kabisa, na alichopata kilikuwa pumzi, ndefu kidogo, yenye joto, bila herufi hata moja. Alingoja nyingine. Mzee alifumba macho.

Mpaka leo hajui kilichokuwa katika pumzi ile. Amewauliza watu wenye elimu ya dini, wamemtuliza kwamba Mungu anajua nia. Anashukuru, lakini siye Mungu aliyetembea kwa miguu kutoka Buterere.

Alipogeuka alimwona Anouar amesimama nyuma ya pazia na ndoo mkononi. Pazia halizuii sauti. Anouar aliweka ndoo chini, akampita, akamfunika mama yake miguu. Hakusema lolote siku ile, wala matangani, wala baada yake. Ila tangu hapo hajamwita tena dada. Humwita Mama Salha, kwa adabu, kama wanavyomwita wateja.

Mama Mkubwa Raihana alifariki siku ya tatu tangu aite hodi, Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri. Mwanasiti alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Alileta ile sanda, akaifunua, akamuuliza aliyesimamia kuosha kama itafaa. Yule mama aliikagua kwenye mwanga.

"Mafuta si najisi," alisema. "Lakini maiti hupewa kilicho safi zaidi, na dukani kipo."

Kikanunuliwa kingine kwa haraka, kitambaa kizuri tu, cheupe, kisichowahi kuona zamzam wala sanduku. Mzee aliyejiandalia safari yake miaka mingi akasafiri kwa nguo iliyonunuliwa saa ile.

Mwanasiti alirudi Buyenzi na sanduku. Aliondoa meza ya kioo na maua yake, akaliweka chini ya dirisha, akatandika na mkeka. Sanda aliifua kwa sabuni, akaifua kwa ndimu, akaianika juani siku nne. Doa lilipauka, halikutoka. Akaikunja upya akairudisha ndani, akamwambia Idi kwamba siku yake ikifika asiende dukani. Atavikwa hiyo hiyo na doa lake. Idi alimwombea umri. Hakumkatalia.

Sasa ule mlango hufunguliwa baada ya alfajiri na kuegemezwa jiwe, wazi mpaka isha. Maua ya Tajudini yanatazama ukuta kutwa, na buibui ameshafuma katika moja lao. Pazia limetundikwa. Vumbi linaingia, linakaa juu ya nailoni ya makochi, na mwenye nyumba halifuti kwa haraka.

Lakini watu wamekwishajifunza. Alitaka wazoee, wakazoea. Miezi yote ile waliambiwa na ile mbao kwamba nyumba hii haina mtu, na mguu uliozoea kupita haugeuzwi na pazia. Wanaoazima chumvi wana nyumba nyingine ya kuazima. Hata Concilie, akitaka kusema naye, humpungia mkono kutoka ng'ambo ya njia.

Mwanasiti huketi mkekani pale chini ya dirisha, akichambua maharage. Mara nyingine ndara huburutwa nje, polepole, za mtu mzima, zikakaribia. Huinua kichwa, na kabla hodi haijasikika anakuwa ameshaitika, kwa sauti kubwa, karibu, karibu ndani. Ndara hupunguza mwendo kidogo, kama zinazojiuliza. Halafu huendelea na njia yao.